Mbwa mzee anayehema hata kivulini: kisa cha Bobi wa Mamboleo

Bobi ni mbwa dume, chotara wa Labrador, mwenye umri wa miaka 11. Siku nilipompokea, mimi daktari wa mifugo, alikuwa na kilo 41. Anaishi Mamboleo, Kisumu, nyumbani kwa mwalimu mstaafu na mke wake. Aliletwa Jumamosi moja ya Februari, saa kumi jioni, akiwa amehema bila kupumzika tangu saa saba mchana. Ulimi ulikuwa umegeuka zambarau, na nyumbani alikotoka majirani walikuwa wameshaamua kwamba ana kichaa cha mbwa.

Wenye mbwa wameniruhusu nikiandike kisa hiki. Nimetaka kukiandika kirefu kwa sababu karibu kila kilichomfikisha Bobi mezani kwangu ndicho ninachokiona kwa mbwa wazee wengi wa upande huu wa ziwa. Dalili huja moja moja, kila moja ikapewa jina la uzee, hadi siku moja joto likazikutanisha zote.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, nazo hazimfikishi mbali. Joto lake hulitoa kwa kupitisha hewa upesi juu ya ulimi na utando wenye majimaji wa mdomo na pua, maji yakawa mvuke na kuondoka na joto. Mbwa aliyetulia hupumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Akihema anaweza kufika mara 300, na huweza kuendelea hivyo kwa muda kwa kuwa kifua hufuata mdundo wake chenyewe, bila kuidai misuli nguvu nyingi. Ila kazi hiyo yote inategemea mambo mawili: hewa ya nje iwe na nafasi ya kupokea mvuke, na njia ya hewa kooni iwe wazi. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 huku unyevu wa ziwa ukiwa hewani. Mbwa huyu angekuwa anaishi Nakuru, mita 700 hivi juu zaidi, pengine angejikaza miezi mingine kadhaa kabla ya kuzidiwa. Huku kwetu hakupata nafasi hiyo.

Yaliyotangulia

Nilipoketi na Mwalimu na Mama kesho yake, niliwaomba wanisimulie kuanzia siku waliyoona kitu cha kwanza, hata kama walikipuuza. Ilibidi warudi nyuma hadi Oktoba.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti. Bobi alibweka kwa sauti nzito iliyojulikana mtaa mzima. Mwezi huo ilianza kuwa na mkwaruzo, kisha ikafifia. Mwalimu alidhani amebweka kupita kiasi usiku, sauti ikamkauka. Novemba akaanza kukohoa kila akinywa maji, na wakati mwingine akila. Chakula chake cha kila siku kilikuwa ugali uliolowekwa kwenye supu ya mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba kijana wa kazi alifikiri mfupa umemkwama. Alimfungua mdomo akaingiza mkono hadi kooni. Hakukuta mfupa. Nitarudi kwenye mkono huo, kwa sababu ndio ulionitia wasiwasi kuliko kitu chochote kingine katika maelezo yao.

Desemba wajukuu walipokuja kwa likizo, Bobi alishindwa kufika nao dukani. Alijilaza njiani, ulimi nje. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiteleza kwenye vigae vya sebuleni, naye Mama, kwa huruma, akawa anampa tembe za maumivu ya magoti ambazo Mwalimu aliandikiwa hospitalini. Januari akaanza kuhema usiku, hata upepo wa ziwani ulipokuwa ukivuma. Dukani kwa agroveti walipewa dawa ya minyoo na wakamdunga sindano ya antibiotiki. Mbwa hakubadilika, na neno likabaki lile lile nyumbani: amezeeka tu.

Sina lawama kwa familia hii. Walimpenda mbwa wao na walitafuta msaada. Lakini nalichukulia neno “amezeeka” kwa uzito mkubwa kwa sababu linafunga mazungumzo. Uzee huleta magonjwa, na mengi kati ya hayo yana dawa, au angalau yana namna ya kuishi nayo. Mbwa aliyepoteza sauti, anayekohoa akinywa maji na anayehema akiwa amelala kivulini ametoa taarifa tatu tofauti. Angeletwa hata kwa ile ya kwanza, tungekuwa na miezi minne mkononi.

Jambo la mwisho ni kibanda. Kama ilivyo kwa mbwa wengi wa ulinzi hapa Kenya, Bobi hufungiwa mchana na kuachiliwa usiku. Kibanda chake kilikuwa cha mbao na mabati, mlango ukitazama magharibi, mahali jua la alasiri linapoingia moja kwa moja. Jumamosi hiyo Mama alikuwa na wageni wa chama nyumbani. Mbwa alifungiwa tangu asubuhi, na kila mgeni alipopita getini alijaribu kumbwekea kwa sauti ambayo hana tena.

Simu

Mwalimu alipiga simu saa tisa na nusu. “Daktari, mbwa wangu anahema hawezi kutulia, na watu hapa wanasema nimwite mtu ammalize, eti ni kichaa.”

Nilimuuliza maswali ambayo ningependa kila mwenye mbwa mzee ayajue, kwa sababu majibu yake hupatikana kwa macho na masikio tu. Je, kuna mlio, na unatoka akivuta pumzi au akiitoa? Akivuta, akasema, unasikika hadi barabarani. Fizi zina rangi gani? Zimefifia, zinaelekea samawati. Tumbo limevimba, au anajaribu kutapika bila kutoa kitu? Hapana. Anaweza kulala chini? Hapana, anasimama, shingo amenyoosha mbele na viwiko vimepanuka. Amekula sumu, kuna dawa ya kupe au ya mashambani karibu? Hapana. Amemng'ata mtu? Hapana. Amechanjwa? “Kila mwaka, Daktari. Kadi ninayo.”

Mlio wakati wa kuvuta pumzi pamoja na fizi zilizogeuka rangi ni dharura. Hapo hakuna kusubiri jioni ipoe. Nilimwambia wampoze kwanza ndipo waondoke, kwa sababu dakika zinazopotea njiani mwili ukiwa bado unachemka ndizo zinazoharibu ubongo, figo na utumbo. Wamtoe kibandani, wamvue mkanda wa shingo, wamwagie maji ya bomba kifuani, tumboni na mapajani, na mtu ampepee bila kukoma. Kwa mbwa kijana mwenye afya, kumtumbukiza kwenye maji baridi kunafaa. Kwa mbwa mzee ambaye hujui moyo wake ukoje, maji ya kumwagia pamoja na upepo ndiyo salama zaidi. Nikawakataza mambo mawili ambayo watu hufanya kwa nia njema: kumfunika blanketi lililolowa, ambalo baada ya muda mfupi huzuia joto kutoka, na kummiminia maji mdomoni, ambayo kwa mbwa asiyeweza kufunga koo lake yangeishia mapafuni.

Majirani walitaka wamfunge mdomo kwa kamba kabla ya kumgusa. Hilo nililikataa kwa nguvu. Mbwa anayehema akifungwa mdomo amenyimwa njia pekee ya kupoa, na anaweza kufa kabla gari halijafika barabara ya lami. Badala yake waliazima pikapu, wakatandika magunia yaliyolowa nyuma kwa sababu bati la gari lilikuwa la moto, wakamfunga kamba kifuani, na kijana akakaa mbali na mdomo wake. Upepo wa njiani ulimsaidia kuliko kitu chochote ambacho kingefanyika kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo.

Kichaa cha mbwa au la

Hofu ya majirani haikuwa ya kipuuzi, na sitaki msomaji adhani hivyo. Kichaa cha mbwa kipo Kenya, hakina tiba dalili zikishatokea, na miongoni mwa dalili zake ni mate yanayochuruzika, sauti iliyobadilika, na kushindwa kumeza kwa sababu misuli ya koo imepooza. Ukimwangalia Bobi saa tisa mchana bila kujua historia yake, una haki ya kurudi nyuma. Tena mtu anaweza kuambukizwa akiwa katika shughuli ile ile aliyofanya kijana wa kazi: kutafuta mfupa kwenye koo la mbwa anayeonekana kukabwa. Kwa hiyo kanuni ninayoisema kwa kila familia ni hii: mbwa asiyeweza kumeza au aliyepoteza sauti, usiingize mkono mdomoni mwake. Mate yakigusa kidonda au jicho, au uking'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Kwa Bobi kulikuwa na mambo mawili yaliyopunguza shaka. Kadi ilionyesha chanjo za kila mwaka bila pengo, na dalili zilikuwa zimetambaa kwa miezi minne. Mbwa mwenye kichaa, dalili zikianza, kwa kawaida huwa amekufa ndani ya siku 10. Hata hivyo tulivaa glavu na miwani, na tulikubaliana na Mwalimu kwamba mbwa atakaa chini ya uangalizi kwa siku hizo 10. Lau kadi isingekuwepo, ningemtenga na kuiarifu ofisi ya mifugo ya kaunti, maana huu ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe. Kadi moja ya karatasi ndiyo iliyompa Bobi nafasi ya kutibiwa kama mgonjwa badala ya kuuawa kama hatari.

Mezani

Joto lake lilikuwa nyuzi 40.9, baada ya kumwagiwa maji na safari yote ile. Mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2. Moyo ulikuwa ukidunda mara 170 kwa dakika. Kila alipovuta pumzi koo lilitoa sauti ya msumeno kwenye mbao mbichi. Akitoa pumzi, kimya. Sauti hiyo ya upande mmoja ilinieleza mengi. Kinachobana wakati wa kuvuta hewa kiko juu, kooni. Kinachobana wakati wa kuitoa, au kinachokoroma ndani ya kifua, kiko chini zaidi.

Hapo kuna mduara mbaya ambao mtu akiuelewa anaelewa kwa nini mbwa hawa hufa kwa saa chache. Mlango wa hewa ukiwa mwembamba, mbwa huvuta kwa nguvu zaidi. Kuvuta kwa nguvu kunatoa joto na kunavimbisha nyama laini za koo. Koo likivimba, mlango unazidi kuwa mwembamba. Hofu inaongezea, maana mbwa anayekosa hewa huogopa kama binadamu anavyoogopa. Ndiyo maana dawa ya kwanza niliyompa ilikuwa ya kumtuliza, asepromazini kwa dozi ndogo kwenye mshipa, huku msaidizi akimshikia oksijeni karibu na pua na feni ikipiga mwili uliolowa. Tulimwekea pia maji ya mshipa. Joto liliposhuka hadi 39.4 tuliacha kumpoza, kwa kuwa mwili huendelea kushuka wenyewe, na mbwa aliyepoozwa kupita kiasi huanza kutetemeka.

Palikuwa na uamuzi mgumu kuhusu steroidi. Sindano moja ya deksamethasoni hupunguza uvimbe wa koo, na wengi wetu huikimbilia. Kabla ya kuivuta kwenye bomba nilimuuliza Mama kama Bobi amepewa dawa yoyote. Akasema alimpa tembe ya magoti ya Mwalimu juzi, na nyingine asubuhi hiyo. Ilikuwa diklofenaki. Dawa hiyo kwa mbwa huumiza tumbo na figo hata ikiwa peke yake; ikikutana na steroidi inaweza kutoboa utumbo. Ibuprofeni ni vilevile, na paracetamoli ina sumu yake kwa ini na damu. Kwa kuwa Bobi alikuwa ameanza kutulia kwa usingizi na ubaridi, niliamua kuiacha steroidi na kumwangalia usiku kucha, na kwa siku tatu tulikagua kinyesi kama kina weusi wa damu. Hakikuwa nao. Lakini angekuwa amezidiwa zaidi, ningelazimika kuchagua kati ya hatari mbili, zote zimetoka kwenye kabati la dawa la nyumbani.

Kwa nini hakuwa mgonjwa wa moyo

Mbwa mzee anayehema ana orodha ndefu ya sababu zinazowezekana, na siyo haki kushika ya kwanza inayokuja kichwani. Kesho yake, Bobi akiwa ametulia, tulianza kuziondoa.

Moyo huwa wa kwanza kutajwa. Mbwa wadogo wazee hupata ugonjwa wa vali. Wakubwa, wa misuli ya moyo kulegea na kutanuka. Sikusikia mnong'ono wowote kwenye vali, mapigo yalikuwa sawa, na eksirei ya kifua haikuonyesha moyo uliotanuka wala maji mapafuni. Kuna kipimo kingine ambacho hakina gharama na ambacho ninakipenda sana: kuhesabu pumzi mbwa akiwa usingizini. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mama alihesabu wiki nzima baadaye akapata kati ya 18 na 22 kwa dakika. Ikizidi 30 usiku baada ya usiku, mbwa hajaota ndoto wala hakuna joto, hapo moyo au mapafu yanahitaji kuangaliwa upesi.

Upungufu wa damu nao huhemesha, na huku kwetu kupe hawaachi kutukumbusha. Babesia na erlikia, magonjwa yanayoenezwa na kupe, huwaangusha mbwa wengi wa Nyanza na Magharibi, na kwenye maeneo yenye ndorobo kuna pia nagana, ugonjwa wanaoueneza wadudu hao. Fizi za mbwa wa namna hiyo huwa nyeupe. Za Bobi, alipopata hewa, zilirudi waridi. Kiwango cha seli nyekundu kilikuwa asilimia 41, ndani ya kawaida, na kwenye kioo cha darubini hatukuona vijidudu. Fizi nyeupe kwa mbwa mkubwa mzee aliyedhoofika ghafla hunifanya nifikirie pia wengu uliopasuka na kuvuja damu tumboni, jambo lisilosubiri hata saa moja.

Ugonjwa wa tezi za juu ya figo, ule unaomwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi, niliuweka akilini kwa sababu wagonjwa wake huhema usiku hasa. Lakini hao hunywa maji ndoo kwa ndoo, hukojoa mno, tumbo hushuka na manyoya hupungua ubavuni. Bobi hakuwa hivyo. Mbwa anayepewa tembe za prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, kwa muda mrefu naye huonyesha picha hiyo hiyo, kwa hiyo orodha ya dawa ni lazima. Maumivu ya viungo yalikuwepo kiasi fulani kwenye nyonga, na maumivu huhemesha kwelikweli, ila hayatoi mlio wa koo. Mapafu yalikuwa safi, jambo lililonishangaza na kunifurahisha baada ya miezi ya kukohoa supu.

Likabaki koo. Tulimpa dawa ya usingizi, propofoli, kidogo tu, alegee bila kuzimika kabisa, kisha nikaangalia kwa taa. Kwa mbwa mzima, vipande viwili vya gegedu vilivyo kwenye mlango wa koromeo hufunguka pande zote mbili kila anapovuta pumzi. Uchunguzi huu una mtego wake: gegedu lililopooza linaweza kunyonywa ndani wakati wa kuvuta na kusukumwa nje wakati wa kutoa, ukadhani linafanya kazi. Kwa hiyo msaidizi aliweka mkono kifuani na kuniambia kwa sauti, “ndani… nje… ndani.” Kwenye kila “ndani” upande wa kushoto ulibaki umelala, na wa kulia ulitikisika kidogo tu.

Bobi alikuwa na kupooza kwa koromeo. Ni ugonjwa wa neva unaowapata zaidi mbwa wakubwa wazee, na Labrador ni miongoni mwa wanaoongoza. Neva ya upande wa kushoto inayofungua mlango huo hutoka kichwani, hushuka shingoni hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa moyo, kisha hupanda tena hadi kooni. Ni njia ndefu, na ugonjwa huu hupenda neva ndefu. Neva nyingine ndefu ni zile za miguu ya nyuma. Kwa hiyo sauti iliyofifia Oktoba na miguu iliyoteleza Desemba vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Tulipima pia tezi ya shingo, ambayo ikidhoofika huweza kuandamana na tatizo hili, ilikuwa sawa.

Walichochagua

Kuna upasuaji. Daktari huvuta gegedu la upande mmoja na kulishona pembeni ili mlango ubaki wazi daima. Mbwa wengi hupumua vizuri siku hiyo hiyo. Gharama yake, mbali na ya pesa, ni kwamba mlango usiofungika huruhusu chakula na maji kuingia mapafuni, na hatari ya nimonia hubaki maisha yote. Kwa mbwa anayekula ugali wa supu na ambaye upande wake mmoja bado unatikisika, niliwaambia waziwazi kwamba ningejaribu kwanza kubadilisha maisha yake. Mwalimu aliuliza swali zuri: “Na tukisubiri, tutajuaje tumesubiri sana?” Nikamwambia: mlio ukisikika akiwa amelala kivulini asubuhi, muda umefika.

Kibanda kilihamishwa chini ya mwembe, mlango ukatazama mashariki, na mchana haufungwi tena kwa komeo. Waliweka wavu wa uzio ili atembee. Wageni wakija anawekwa chumba cha nyuma chenye sakafu ya saruji. Mkanda wa shingo uliondoka, akashonewa wa kifuani na fundi wa viatu wa Kibuye. Anatembezwa saa kumi na mbili asubuhi na baada ya jua kutua. Ugali sasa ni mgumu, unaviringwa matonge, na samaki anachambuliwa mifupa. Chakula kilipunguzwa taratibu, maana mafuta ya shingoni na kifuani ni mzigo juu ya koo, na kufikia Julai alikuwa na kilo 35. Kwa ajili ya nyonga anapata meloksikamu, dawa ya maumivu ya mifugo, kwa dozi ya uzito wake, na tembe za Mwalimu zimebaki za Mwalimu.

Mama aliniomba nimwandikie ni lini apige simu na ni lini asisumbuke. Nilimwambia kuhema baada ya kukimbia, kwenye jua la mchana, au radi zinapopiga kusimtishe ikiwa kunatulia ndani ya dakika kumi hivi kivulini na fizi ni waridi. Anayehema usiku mara kwa mara, anayeanza kunywa maji kupita kawaida, au anayepumua zaidi ya mara 30 usingizini aletwe ndani ya siku moja au mbili. Fizi zikiwa samawati, kijivu au nyeupe, tumbo likiwa gumu na mbwa anajaribu kutapika bila kitu kutoka, mlio mkali wa kuvuta pumzi, kushindwa kulala chini, kuanguka, au joto la zaidi ya nyuzi 40 ambalo halishuki: hapo anapiga simu akiwa ameshaanza kummwagia maji. Nikamtahadharisha pia kuhusu pumzi za haraka mdomo ukiwa umefungwa na tumbo likisukuma kwa nguvu. Hizo hazionekani kuwa za kutisha kama ulimi unaoning'inia, lakini mara nyingi ni mbaya zaidi.

Machi, kabla ya mvua kuanza, alizidiwa tena siku moja paka alipoingia uani. Safari hii Mama alimmwagia maji na kuwasha feni, mlio ukaisha kabla sijafika. Koo lake bado liko pale lilipokuwa. Miguu ya nyuma inazidi kudhoofika, kama ilivyotarajiwa, na wameweka mikeka ya mpira sebuleni ili asiteleze. Mwalimu ameshauliza bei ya upasuaji Nairobi na ameanza kuweka akiba. Tumekubaliana tumpime tena Desemba, kabla joto la Januari halijarudi, tuamue akiwa bado na nguvu za kustahimili safari na nusukaputi.